Pesa za kikundi ziko kwenye laini yangu ya M-Pesa. Nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu 14 hapa Kaptembwa, Nakuru. Hakuna anayelipwa. Tunawanunulia sare na vitabu watoto wa jamaa wasiojiweza, na mara kwa mara tunapeleka unga na maharagwe kwa wazee. Michango huingia kwenye laini yangu ya M-Pesa kwa kuwa wenzangu wananiamini. Sasa amejitokeza mfadhili, lakini anataka "hesabu zilizokaguliwa". Nilipojumlisha ya mwaka jana, pesa zikapungua kwa shilingi 3,500. Wanachama wanaanza kunong'ona, naye mwenyekiti anasema mtu anayejitolea haulizwi pesa. Nifanye nini?

JIBU: Dada, kabla ya kuzitafuta hizo 3,500, zitoe pesa za kikundi kwenye laini yako. Sisemi hivyo kwa kukutilia shaka. Laini imesajiliwa kwa jina na kitambulisho chako, kwa hiyo kwa yeyote anayeitazama kutoka nje, kila shilingi iliyomo ni yako. Simu ikiibwa, au, Mungu apishe mbali, ukifariki, kikundi kitalazimika kuwathibitishia jamaa zako kwamba sehemu ya salio si urithi. Kitathibitisha kwa nini, ikiwa mchango wa sare umeingia kati ya pesa za gesi na karo ya mwanao?

Fungueni akaunti ya benki au ya sacco kwa jina la kikundi. Benki nyingi huomba cheti cha usajili, katiba, nambari ya PIN ya mlipakodi ya kikundi kutoka KRA, yaani mamlaka ya kodi, na kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha mmewachagua nani kutia sahihi. Kama bado hamjasajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu 10, nanyi mnapita hapo. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Huenda mtu akawashauri mjisajili chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile ya 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024. Kwa ukubwa wenu sioni haja ya kuanzia huko.

Watia sahihi wawe watatu, na pesa zitoke kwa sahihi za wowote wawili. Asiwepo mke na mume, wala mtu na dada yake. Wachangiaji watume moja kwa moja kwenye akaunti kupitia nambari ya Paybill ya benki, ili mchango usipitie mkononi mwa mtu yeyote. Hapo kazi yako itakuwa kuandika na kueleza. Kushika pesa hakutakuwa juu yako tena, na utalala usingizi.

Sasa hizo 3,500. Sijui vitabu vyenu vinasemaje, kwa hiyo nitatumia takwimu za mfano. Tuseme mwaka ulianza na salio la 18,400. Zikaingia 312,000, zikatoka 287,650. Zinapaswa kubaki 42,750. Halafu unatazama zilizopo kweli: kwenye simu 36,900, kwenye kasha la taslimu 2,350, jumla 39,250. Tofauti ni hiyo hiyo 3,500.

Pengo la aina hii mara nyingi ni matumizi halali ambayo hayakuandikwa. Omba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, uipitie mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Ada za kutoa na kutuma huonekana kwenye mistari yake. Ulipotoa 5,000 za maharagwe ukaandika 5,000, ada haikuingia kitabuni, na ukifanya hivyo mwaka mzima zinajikusanya. Kisha tafuta boda boda aliyebeba magunia, kupiga chapa barua, na soda za wageni wa siku ya kugawa sare. Utakachopata, kiandike kwa tarehe yake halisi. Kisichopatikana, kipeleke mkutanoni kama kilivyo, kiandikwe kwenye kumbukumbu kuwa ni upungufu usiojulikana, na wanachama waamue.

Usitafute risiti ya kuzibia pengo. Nimeona vitabu vya vikundi hapa Kisumu ambavyo kila mwezi vinafunga sawasawa bila senti kupotea, na vitabu hivyo ndivyo ninavyovisoma mara mbili. Pengo lililoandikwa halinishtui hata kidogo.

Kuanzia sasa, kila malipo yawe na vocha, yaani karatasi ya kuthibitisha malipo, yenye: tarehe, nani kalipwa, kwa kazi gani, kiasi gani, nani kaidhinisha, na sahihi ya aliyepokea. Mwenye boda boda hana risiti, wala mama anayeuza maharagwe kwa gorogoro, lakini wanaweza kutia sahihi kwenye vocha au kuacha nambari ya simu. Anayeidhinisha asiwe anayelipa. Kasha liwe na kiwango maalumu, tuseme 3,000. Likikaribia kuisha, unapeleka vocha na unajaziwa kiasi kile kile cha vocha hizo. Wakati wowote, taslimu ukijumlisha na vocha upate 3,000.

Pesa iliyotolewa kwa sare ibaki ya sare. Mkiazima kidogo kununua unga, hata kwa wiki moja, mwulizeni kwanza aliyetoa, na jibu lake liwe la maandishi. Gunia la mahindi mliloletewa nalo liandikwe: lilitoka kwa nani, kilo ngapi, likaenda wapi. Vikundi vingi huandika pesa kwa uangalifu kisha vyakula vinatoka stoo bila hata mstari mmoja, na minong'ono mingi huanzia stoo.

Mwenyekiti wako nina neno naye. Kujitolea ni kutolipwa kwa kazi. Hakumwondolei mtu wajibu wa kueleza pesa za wengine zilikwenda wapi. Halafu kuna upande ambao viongozi wa kujitolea huuonea haya: nauli. Mtu anayetoka Kaptembwa hadi katikati ya mji kila wiki kwa shughuli za kikundi anatumia pesa, na asiporudishiwa atachoka, au atajirudishia mwenyewe kimya kimya. Wekeni kanuni ya maandishi kwamba nauli halisi inarudishwa, kwa vocha, na kiwango chake kinajulikana na wote. Posho ya kikao ni jambo jingine kabisa. Mkianza kujilipa posho, msijiite tena watu wasiolipwa mbele ya wafadhili. Na wewe mwenyewe usikae kwenye cheo hicho hadi uzeeke. Miaka miwili au mitatu, ukiwa na msaidizi anayejifunza, inatosha.

Taarifa kwa wanachama isizidi ukurasa mmoja kila mwezi: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho, pamoja na taarifa ya benki. Ipelekeni kwenye WhatsApp ya kikundi. Ila majina ya watoto yasiingie humo, wala picha za mama akipokea unga. Mpeni kila mtoto nambari, na orodha ya majina ikae kwa watu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu watoto hao pia, na jirani hana haja ya kujua nani alinunuliwa viatu.

Kuhusu ukaguzi, mwulize mfadhili anataka nini hasa. Ukaguzi kamili hutiwa sahihi na mhasibu mwenye cheti cha kufanya kazi hiyo kutoka ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, na ada yake inaweza kumeza sare za watoto kadhaa. Wafadhili wengi wa vikundi vidogo hukubali hesabu zilizopitiwa na mtu huru asiye kwenye kamati: karani mstaafu wa sacco, au mwalimu wa biashara wa sekondari. Mpe vitabu, vocha na taarifa za benki, naye aandike barua ya alichokiona, pamoja na hizo 3,500. Mfadhili akisisitiza ukaguzi kamili, mwombe agharamie. Weka ada hiyo kwenye bajeti unayompelekea, kwenye mstari wake wenyewe.