Bunduki ya .22 ya nusu-otomatiki: itanifaa au itanisumbua?

SWALI: Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga shabaha kwa bunduki ya .22 (ya risasi ndogo, kipenyo kama inchi 0.22) ya kuvuta bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuziba nyuma yake. Kibali ninacho, na sasa natamani Ruger 10/22, ile ya nusu-otomatiki. Wenzangu wengine wanaisifu, wengine wanasema hukwama ovyo. Wewe unayezitengeneza na unayo yako, unasemaje?

JIBU: Ninayo na siiuzi, ila wanaolalamika nao hawasemi uongo.

Raha yake ni kwamba jicho halibanduki kwenye shabaha. Kwa bolti, kila risasi unanyanyua mkono, bega linasogea, unaanza kulenga upya. Hii inatoa ganda na kujipakia yenyewe; wewe unavuta kifyatulio tu, mara moja kwa kila risasi. Ni nyepesi, kama kilo 2.3, na magazini yake ya risasi 10 huzunguka ndani kwa ndani, inazama yote tumboni bila kuchomoza. Tena imekuwa ikitengenezwa tangu 1964, kwa hiyo vipuri vimejaa, na mtutu unashikwa na skrubu mbili tu.

Tuje kwenye kukwama. Bolti yake haijifungi kwa meno kama ya bunduki yako; inazuiwa na uzito wake pamoja na springi. Risasi ikilipuka, ganda ndilo linaloisukuma nyuma. Ukiweka zile risasi dhaifu za sauti ndogo, msukumo hautoshi, na ganda linabanwa mlangoni kabla halijaruka. Hapo lawama zote humwangukia fundi. Jaribu aina tatu au nne za risasi kwanza.

Uchafu ni sababu nyingine. Risasi nyingi za .22 hupakwa nta au mafuta. Yakichanganyika na masizi ya baruti, yanakuwa utomvu mweusi chini ya ukucha unaovuta ganda. Nimeletewa bunduki "mbovu" si mara moja, na dawa ikawa mswaki wa zamani na kitambaa. Kuusafisha mtutu kuna mtego wake: matoleo mengi hayana tundu nyuma ya mwili, kwa hiyo ufito wa kusafishia huingilia mdomoni. Ukikwaruza ukingo wa mdomo, shabaha zako zitaanza kutawanyika. Mimi natumia kamba inayovutwa kutoka chembani, pale risasi inapokaa, kwenda mbele.

Ninalolichukia hasa ni hili: risasi ya mwisho ikitoka, bolti inarudi mbele badala ya kubaki wazi. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama ina kitu. Kwa hiyo shika mpangilio: magazini kwanza itoke, kisha vuta bolti, kisha chungulia chemba na upitishe kidole. Ukianza na bolti huku magazini imo, unatoa risasi moja na kupakia nyingine, halafu unaondoka ukiamini ni tupu. Mtu aliyezoea bolti hunaswa hapo kirahisi. Na ukifyatua usisikie kitu, usikimbilie kufungua: mdomo ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30. Risasi za .22 hugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda, na baruti ya kuwashia isipoenea vizuri humo, huweza kuchelewa kulipuka.

Kasi nayo ina gharama. Wiki za kwanza utamaliza magazini upesi, na matundu yatasambaa kwenye karatasi kuliko ulivyozoea. Si kosa la mtutu.

Soma kibali chako neno kwa neno kabla ya kulipa. Uingereza, tangu sheria ya 1988, kwa upande wa bunduki ndefu za risasi za nusu-otomatiki, huruhusu hizi za .22 za kugongwa ukingoni tu. Australia, tangu 1996, hata hizi zimebanwa sana. Kibali cha bolti huenda kisitoshe.

Nunua, lakini ile ya bolti usiiuze. Risasi zote dhaifu zitakazokataliwa na hiyo mpya, yenyewe itazipiga bila kinyongo.