Kabla ya kununua kondo Tahoe, soma mihtasari ya vikao

Mimi ni mtoto wa Moshi. Theluji niliizoea ikiwa juu kule Kibo, mbali, imekaa kwa adabu zake. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitaitolea mchango.

Mwaka 2019 mimi na mke wangu, wakazi wa Sacramento, California, tulinunua kondo South Lake Tahoe (si kondo la nyuma, jamani, ni nyumba moja ndani ya jengo la wengi, ndivyo tunavyoiita huku), mji wa milimani ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kuanzia Desemba watu wanateleza kwenye theluji pale Heavenly, kiangazi wako ziwani na maboti. Yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Dirisha la sebuleni lilitazama misonobari, na katikati ya misonobari kulikuwa na kipande cha ziwa, chembamba kama pindo la kanga. Kipande hicho ndicho kilichotumaliza. Dalali alitusimamisha pale dirishani, akanyamaza. Mjanja yule.

Kilichotuvutia zaidi ni mchango wa mwezi, ule ambao kila mwenye kondo anakilipa chama cha wamiliki wa jengo. Majengo ya jirani walikuwa wanalipa karibu mara mbili ya sisi. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Sasa nisikilize. Ukinunua kondo umenunua nafasi iliyo ndani ya kuta, basi. Paa, ngazi, maegesho na mabomba yaliyopita ukutani ni mali yenu wote, kwa hiyo umeingia kikoba na watu usiowajua. Na katika mji wa mapumziko, wanakikoba wenyewe hawaishi pale. Wanakuja wiki mbili mwaka mzima, wanaacha taulo, wanaondoka. Kila ikipigwa kura ya kuongeza mchango wanasema hapana, maana paa likivuja hawapo. Mchango wetu ulikuwa mdogo kwa sababu hiyo, na mimi nikaufurahia.

Baridi ya 2022 kuamkia 2023 ilitufundisha. Kituo kinachopima theluji karibu na Donner Pass, kaskazini mwa ziwa, kilihesabu zaidi ya mita 19 kwa msimu mzima. Tatizo si uzito peke yake. Joto la vyumbani linapanda, linayeyusha theluji ya juu ya paa, maji yanateremka mpaka ukingoni ambako kuna baridi kali, yanaganda tena. Pale ukingoni panajengeka boma la barafu. Maji yanayofuata yakikosa njia yanarudi nyuma na kupenya chini ya vigae. Nilifika Machi nikakuta doa la rangi ya chai juu ya kitanda, limetanuka kama ramani, na godoro limelowa chapa.

Mei ikaja barua: kila mwenye kondo atoe dola 11,600 za paa, ndani ya siku 60. Mfuko wa akiba wa chama ulikuwa mtupu.

Siku hiyo ndipo nilipofungua lile faili tulilopewa wakati wa kununua, ambalo nililisaini kila ukurasa bila kulisoma. Mihtasari ya vikao vya chama ilikuwemo. "Paa la jengo la tatu: limeahirishwa." Kikao kilichofuata: limeahirishwa. Kikao kingine: limeahirishwa. Yote yaliandikwa, na sahihi yangu iko chini.

Kwa hiyo omba mihtasari ya miaka miwili au mitatu, hata kama muuzaji anataka kukupa ya mwaka mmoja tu. Sheria ya California inavitaka vyama vya wamiliki vifanye tathmini ya akiba, yaani hesabu ya fedha za kuweka kwa matengenezo makubwa, angalau kila miaka mitatu. Ombeni hiyo nayo, mtazame wana asilimia ngapi ya wanachopaswa kuwa nacho. Uliza pia kama roshani na ngazi za mbao zilishakaguliwa. Ukaguzi wa kwanza ulitakiwa ukamilike kabla ya Januari 2025. Na benki haikukagui wewe peke yako. Tangu jengo la Surfside, Florida, lilipoanguka Juni 2021 na kuua watu 98, wakopeshaji wanachunguza jengo zima, na jengo lenye matengenezo makubwa yaliyolimbikizwa linaweza kukunyima mkopo hata kama mshahara wako ni mzuri.

Bima ni kichwa kingine. Agosti 2021 moto wa Caldor ulifanya mji mzima uhamishwe. Nyumba za mjini zilisalimika, lakini bima hazikusahau, na chama chetu kilipokosa kampuni ya kuendelea nacho, gharama mpya ikaingia moja kwa moja kwenye mchango wa mwezi. Usiulize tu "Mna bima?" Uliza inaisha lini.

Wale wenye hesabu ya kupangisha wageni kwa usiku, taratibu. Mwaka 2018 wapiga kura wa mji waliamua, kwa tofauti ya kura 58 tu, kuzuia biashara hiyo kwenye mitaa mingi ya makazi. Mwaka 2025 mahakama ikautengua uamuzi huo. Hata mji ukiruhusu, chama chenu kinaweza kukataza. Mimi ningepiga hesabu kana kwamba hakuna mgeni hata mmoja. Ikikushinda hivyo, acha.

Halafu nenda Novemba. Theluji haijatulia, ziwa limeshakuwa baridi, hakuna mtu, na jengo linaonekana lilivyo. Shemeji yangu nilimpeleka mwaka jana. Alikuwa ameshapenda sehemu, tayari anaulizia rangi ya mapazia. Tukazunguka nyuma, akagusa mbao ya ukingo wa paa, kidole kikazama.

"Shemeji, hii ni mbao au mkate?"

Bado anatafuta. Juzi kanitumia faili la kurasa 84 kwa WhatsApp, saa nane usiku, na ujumbe mfupi: "Nisomee ukurasa wa 31, hilo neno limeahirishwa naliona mara nne."