Bastola Kiunoni Texas: Angalia Makaratasi Yako Kwanza

Kila tunapokusanyika, iwe harusi au msiba, lazima atokee kijana mmoja wa kuniuliza: "Kaka, ni kweli hapa Texas mtu anatembea na bastola kiunoni bila leseni na polisi hawamfanyi kitu?" Ndiyo, ni kweli. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi ambaye hakatazwi na sheria kumiliki silaha anaweza kubeba bastola hadharani bila kibali. Ikiwa inaonekana, lazima iwe ndani ya holsta, yaani mkoba wake wa kiunoni. Kabla ya hapo, kuanzia Januari 2016, waliokuwa na ruhusa ya kuibeba wazi ni wenye leseni tu.

Wengi wakishasikia "bila kibali" hawasikilizi tena. Mimi huwarudisha kwenye yale maneno mengine, "ambaye hakatazwi na sheria", kwa sababu sheria inayotajwa hapo si ya Texas peke yake. Ipo ya serikali kuu ya Marekani, na kwa sisi tuliohamia ipo ya uhamiaji pia. Unaweza kufuata ya Texas bila kukosea hata kidogo, ukajikuta umevunja hizo nyingine mbili. Ninaishi eneo la Dallas na Fort Worth, nina leseni ya kubeba, na nimewasindikiza Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi kwenye darasa la leseni na kwenye uwanja wa shabaha. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuelezwa jambo hili.

Tuanze na makaratasi. Kama upo hapa kwa viza ya muda, uwe mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba au mgeni uliyekuja kumsalimia dada yako, sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na bunduki au risasi. Kuna misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji. Katazo hilo halisemi mpaka uwe umeinunua. Ukikodi bastola ya saa moja kwenye uwanja wa shabaha, umeishika. Kwa hiyo zile picha za vijana wa chuo wakiwa wameinua mtutu na kutabasamu, wanazozirusha kwenye WhatsApp, ni ushahidi walioutengeneza wenyewe dhidi yao. Asiye na makaratasi kabisa naye amekatazwa. Adhabu ni kifungo hadi miaka 15, baada ya Congress kuiongeza kutoka 10 mwaka 2022.

Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, kama ndugu zetu wengi Wakongo waliotoka kambi za Nyarugusu au Nakivale, hayumo kwenye makatazo hayo mawili. Mwenye kadi ya kijani (green card), yaani mkazi wa kudumu, hayumo pia. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri majibu, mambo yake yanategemea aliingiaje nchini na leo ana hadhi gani. Huyo asiguse chochote mpaka mwanasheria wa uhamiaji awe amelisoma faili lake. Rafiki wa kazini aliyezaliwa hapahapa Texas hawezi kukujibu swali hili, kwa sababu yeye halijawahi kumhusu.

Ukienda kununua kwenye duka la silaha utajazishwa Fomu 4473 ya serikali kuu. Inauliza uraia wako, hadhi yako ya uhamiaji, kama umewahi kutiwa hatiani kwa ugomvi wa nyumbani, kama uko chini ya amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenzi wako, kama unatumia bangi. Kuhusu bangi, fomu yenyewe inakuonya kwamba kwa sheria ya serikali kuu bado ni haramu, hata kama jimbo lako limeiruhusu. Na kwenye uraia, tafadhali sana, usijitie Mmarekani kama hujaapa. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia mlango wa uraia moja kwa moja, na misamaha yake ni finyu mno.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi kwa ajili ya watu wetu. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni anayetiwa hatiani kwa kununua, kumiliki, kubeba au kutumia silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote anaweza kuondolewa nchini. Neno ni "yoyote", na kadi ya kijani haikukingi. Hapa Texas, kubeba bastola kinyume cha sheria kwa kawaida huhesabiwa kosa dogo la daraja A, lenye kifungo hadi mwaka 1 na faini hadi dola 4,000. Mmarekani akipatikana na kosa hilo atalipa, ataudhika, na maisha yataendelea. Wewe unaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji.

Na hapo ndipo wanaponaswa wengi. Wakili wa jinai anakwambia: kubali kosa, hakimu ataahirisha hukumu, ukimaliza muda wa uangalizi bila matatizo kesi inafutwa. Kwa Mmarekani huo ni ushauri mzuri. Kwa uhamiaji, ukishakiri kosa na hakimu akakuwekea masharti yoyote, hiyo ni hatia, hata kama mahakama ya Texas baadaye inaifuta kwenye vitabu vyake. Kabla ya kukubali chochote, mwambie wakili wako waziwazi kwamba wewe si raia na umtake azungumze na mwanasheria wa uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 2010 kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Kwa hiyo dai haki yako, usione aibu.

Kutokana na hayo, ushauri wangu kwa anayeruhusiwa kubeba ni kwamba achukue leseni hata kama Texas haimlazimishi. Sababu kubwa ni shule. Sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na silaha ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka kwenye eneo la shule, na inamwachia mwenye leseni iliyotolewa na jimbo shule ilipo. Kubeba bila leseni kwa ruhusa ya Texas hakukupi msamaha huo. Fungua ramani ya mtaa wako uone: kutoka nyumbani hadi kituo cha mafuta unapita shule ngapi? Ada ya leseni ni dola 40. Darasa huchukua muda wa saa 4 hadi 6, kisha unapiga risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15. Anayetulia anafaulu, na nimeona akina mama ambao hawakuwahi kushika bunduki maishani wakipata alama za juu kuliko waume zao.

Leseni pia inarahisisha kuzielewa alama za milangoni. Namba zake ni za vifungu vya sheria ya Texas: tangazo la 30.07 linamzuia mwenye leseni kuingia na bastola inayoonekana, 30.06 linamzuia kuingia na iliyofichwa, na 30.05 ni la asiye na leseni. Matangazo ya 30.06 na 30.07 yana herufi za inchi moja au zaidi, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo huwezi kusema hukuyaona. Kupuuza tangazo ni faini hadi dola 200, lakini ukiambiwa kwa mdomo uondoke ukabisha, kosa linapanda hadi daraja A, na umeshasoma hapo juu maana yake kwetu. Maduka mengi makubwa hayataki bastola za wazi. Walmart iliwaomba wateja waache kuzibeba wazi mnamo Septemba 2019, mwezi mmoja baada ya mauaji ya watu 23 kwenye duka lake la El Paso.

Kuna sehemu ambazo hata leseni haikufikishi: shule, mahakama, kituo cha kupigia kura wakati wa uchaguzi, mechi za kulipwa. Ofisi za serikali kuu nazo zimo, pamoja na ile ya uhamiaji tunakokwenda kupigwa alama za vidole. Na sehemu yenye alama nyekundu ya 51%, maana yake asilimia 51 au zaidi ya mapato yake yanatokana na pombe inayonywewa hapohapo. Zile sehemu zetu za nyama choma na muziki wa usiku, kagua mlangoni kabla hujashuka kwenye gari. Isitoshe, kubeba ukiwa umelewa ni kosa, isipokuwa ukiwa nyumbani kwako au maeneo kama hayo ambayo sheria imeyataja.

Kuhusu kanisa naulizwa sana na wachungaji. Tangu Septemba 2019 nyumba ya ibada inahesabiwa kama mali nyingine ya mtu binafsi: silaha inaruhusiwa mpaka wenyewe waseme hapana. Desemba 2019 mtu alianza kupiga risasi ibadani huko White Settlement, pembeni kabisa ya Fort Worth, akaua waumini wawili kabla ya mlinzi wa kujitolea wa kanisa hilo kumpiga, yote ndani ya sekunde chache. Naelewa kwa nini sharika zetu zinataka walinzi. Wachaguliwe watu wachache waliofundishwa, wenye leseni, na mzee wa kanisa awajue kwa majina. Isiwe kila mwenye hamasa anakuja na yake.

Sasa, kuonekana. Mtu mweusi mwenye bastola kiunoni haangaliwi kama mzungu mwenye bastola kiunoni, na sitaki kulipamba hilo. Julai 2016, hapahapa Dallas, mwanaume mweusi aliyekuwa amebeba bunduki wazi, kihalali, kwenye maandamano alitangazwa na polisi mtandaoni kuwa mshukiwa wa mauaji ya askari watano. Hakuwa amefanya chochote. Alimkabidhi askari bunduki yake, akahojiwa, akaachiwa. Siku moja tu kabla ya hapo, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani, akamweleza askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alikuwa na kibali. Alipigwa risasi akiwa amefunga mkanda wa gari, na askari yule hakutiwa hatiani.

Ndiyo maana mimi yangu iko chini ya shati. Faida ya kuonyesha siioni. Anayetaka kukuibia anajua aanzie kwako, na anayeogopa anapiga simu ya dharura, 911, akisema kuna mtu ana bunduki, bila kueleza kwamba uko kwenye foleni ya maziwa.

Ukisimamishwa barabarani, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote juu ya usukani. Mwenye leseni ya kubeba akiombwa kitambulisho anapaswa kuitoa pamoja na leseni ya udereva, kwa hiyo usiviweke upande wa bastola. Ongea kabla ya kusogeza mkono: "Afisa, nina leseni ya kubeba na silaha iko kiunoni kulia. Ungependa nifanyeje?" Kisha subiri. Akitaka kuichukua kwa muda kwa usalama wake, mwachie.

Kama bado unataka kubeba wazi, usinunue holsta ya kitambaa ya bei ya chini. Nilimwona kijana kwenye duka la vyakula vya Kiafrika akiinama kunyanyua gunia la mchele. Mkanda wake ulikuwa laini, holsta ikalala upande, mpini wa bastola ukaning'inia nje. Nyuma yake kulikuwa na mtoto amekaa kwenye kiti cha troli, na mpini ule ulikuwa usawa wa mkono wake kabisa. Mama yake alilivuta troli bila kusema neno. Tafuta holsta ngumu inayofunika kifyatulio chote, yenye kifungo kinachoizuia bastola isichomoke mtu mwingine akiivuta, na mkanda mgumu ulioshonwa kwa kazi hiyo. Fanya mazoezi ya kukaa kwenye gari, kuinama na kwenda chooni ukiwa nayo bila risasi ndani, siku nyingi kabla hujatoka nayo mlangoni.

Nyumbani iwe ndani ya sanduku la chuma lenye namba. Sheria ya Texas inamwajibisha mtu mzima aliyezembea akaiacha silaha yenye risasi bila kuihifadhi, na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Nyumba zetu zina wageni, binamu na watoto wa jirani, na hakuna anayejua nani ataingia chumba cha kulala kutafuta chaja ya simu.

Na ugomvi wa barabarani usikufanye uiinue ili mtu aione. Kuionyesha kwa kumtisha mtu kunaweza kugeuka shambulio kwa silaha ya kuua, kosa kubwa lenye kifungo cha miaka 2 hadi 20. Aliyekukata mbele kwenye barabara kuu ya I-35 mwache aende.

Mwisho ni safari. Ruhusa ya Texas haivuki mpaka na wewe. Illinois haimruhusu raia wa kawaida kubeba bastola wazi hata kidogo, na New York vilevile. Sheria ya serikali kuu inakulinda ukiwa unapita tu kutoka jimbo unaloruhusiwa kwenda jingine unaloruhusiwa, bastola ikiwa haina risasi na imefungiwa kwenye buti. Ukifika Chicago ukalala siku tatu kwa ajili ya harusi ya binamu, hiyo si kupita tena. Iache Texas, ndani ya sanduku.