Themostati Imetolewa na Gari Bado Linachemsha

Swali: Nina HiAce ya zamani ya abiria, injini ya dizeli ya aina ya 3L. Nikipakia na kupanda mlima mrefu, mshale wa joto unakaribia nyekundu. Nikifika tambarare unashuka mpaka karibu na C, alama ya baridi. Fundi alitoa themostati miezi miwili iliyopita, akasema gari la umri huu haliihitaji. Tatizo liko palepale. Sasa anataka kuondoa feni ya belti na kuweka feni ya umeme iliyounganishwa moja kwa moja. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Na kabla ya jambo lingine lolote, rudisha themostati.

Mshale unaogusa nyekundu mlimani kisha ukalala kwenye C tambarare ni dalili ya injini isiyo na themostati. Sasa una magonjwa mawili: lile la kwanza ambalo halijaguswa, na hili uliloongezewa.

Wanaotoa kifaa hiki hudhani ni kizuizi, kwamba kikiondoka maji yatapita kwa uhuru na injini itapoa. Hebu chukua themostati mpya uigeuze. Ukiona sahani ya pili chini ya springi, ujue ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, mlango mkuu umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini kwa njia ya mkato. Ikipata joto, mlango mkuu unafunguka kuelekea rejeta, na wakati huohuo ile sahani ya chini inaziba njia ya mkato. Ukitoa themostati, hakuna tena cha kuiziba. Sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kuonja rejeta, na hilo linakuumiza zaidi mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta. (Wapo wanaotetea themostati kwa kusema bila hiyo maji hukimbia mno, hayapati muda wa kupoa. Hilo nalo si kweli. Maji yakienda kasi rejeta hutoa joto zaidi. Tatizo ni njia ya mkato.)

Huko tambarare nako unalipa. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta yote. Inakula zaidi, inatoa moshi, na mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye oili na kuipunguzia uzito.

Nunua themostati yenye nyuzi zilezile za kiwandani. Namba imegongwa juu yake, kwa kawaida 82 au 88. Hata ikiwa mpya, ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, washa moto taratibu. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba yake, na kama nyuzi 12 hivi baadaye iwe imenyanyuka angalau milimita 8. Ukiifunga, kijivali kidogo cha kupitisha hewa kikae juu. Kikikaa chini, hewa inanaswa kwenye nyumba yake na mlango unachelewa kufunguka.

Sasa tuje kwenye mlima. Gari linalopoa tambarare na kuchemsha likiwa na mzigo, mara nyingi mfumo wake wa kupoza umepungua uwezo, na kwa gari la umri huu mshukiwa wa kwanza ni rejeta. Miaka ya kujaza maji ya bomba huacha chokaa na kutu ndani ya mirija. Pasha injini mpaka ipate joto lake, zima, kisha pima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, mstari kwa mstari. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingia mpaka yanapotokea. Kipande kilichopoa ghafla ni mirija iliyoziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa matanki na kuzibuliwa kwa fimbo. Ya alumini yenye matanki ya plastiki, badilisha.

Yai bichi, manjano na unga wa kuziba tundu usivisikilize. Dawa inayoziba tundu haijui kutofautisha tundu na mrija, kwa hiyo inaziba vyote.

Feni yako ya belti ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikikataa kidogo, ni nzima. Ikizunguka raundi kadhaa kama pangaboi, silikoni imevuja, na utaona vumbi limegandia kwenye kitovu chake. Badilisha klachi. Kuichomelea ishikane moja kwa moja kunapoza kweli, lakini feni italia muda wote, itakula nguvu na kuchosha beringi ya wota pampu. Feni ya umeme anayotaka kukuwekea fundi wako ni mbaya zaidi. Mlimani unakwenda polepole kwa gia ya pili, upepo wa mbele ni haba, na injini inazunguka kasi. Hapo ndipo feni ya belti inapovuta hewa kwa nguvu, na ndiyo unayotaka kuing'oa! Hakikisha pia kava linalozunguka feni lipo. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya iliyopita kwenye rejeta.

Kifuniko cha rejeta ni kidogo lakini kina kazi kubwa. Kinachoshika presha ya bar 0.9 kinapandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Mpira wake ukipasuka, unabaki na 100, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 ni 93 tu.

Tazama pia moshi. Ukiwa mweusi mlimani, huenda mtu amekaza skrubu ya pampu ya dizeli ili gari "livute". Mafuta ya ziada ni joto la ziada.

Baada ya hayo, jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Egesha pua ya gari ikitazama juu, fungua hita zote, ya mbele na ya nyuma kama ipo, kwa sababu mabomba ya hita ya nyuma yanapita chini ya sakafu na hewa hujificha humo. Kwa kuwa gari limekwisha kupata joto kali, pima hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Washa likiwa baridi kabisa, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au ukifunga kifuniko mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi ina ufa.

Kinachonikera si themostati peke yake. Ni ile tabia ya kuamini kwamba gari la zamani linatengenezwa kwa kupunguzwa. Kifaa kikisumbua kinatolewa, waya zinakatwa, taa ya onyo inachomolewa balbu. Mikono hiyohiyo ikifika kwenye breki, hutoa vali ya nyuma inayopima mzigo, nayo haipo pale kama pambo. Gari likiwa tupu, inapunguza presha ya breki za nyuma ili matairi yasikabe na kulitupa nyuma mbele kwenye barabara yenye maji. Likijaa, inaongeza. Fundi wako ameshakuonyesha anavyofikiri, kwa hiyo weka kabari kwenye matairi, ingia chini na tochi. Fuata fito inayotoka kwenye ekseli ya nyuma mpaka kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Ukikuta fito imefungwa kwa waya, au mirija ya breki imeunganishwa bila vali, gari hilo lisibebe abiria mpaka irudishwe na breki zipimwe.