Usiulize Bei ya Mwisho

Muulize Mzee wa Kaunta. Ameuza saa Deira, Dubai, kwa miaka 19. Sasa yuko kwao Tanga, anajibu barua zenu.

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yetu anastaafu kazi ya bandari hapa Mombasa mwezi wa Desemba, baada ya miaka 34. Watoto wanne tumechanga tumnunulie saa ya maana, Longines ya otomatiki, ile inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, kwa sababu bosi wake wa zamani alikuwa nayo na baba hajaacha kuisifu mpaka leo. Nitakwenda Dubai katikati ya Desemba kufuata mizigo yangu ya nguo, kwa hiyo kazi ya kununua nimeachiwa mimi. Nimepiga simu maduka mawili. Moja limenitajia dirhamu 10,500. Jingine, dogo, la Deira, limesema saa hiyohiyo ni 7,600, "mpya kabisa". Nilipoliuliza lile la kwanza bei ya mwisho likanipunguzia asilimia tano. Tofauti yote hii inatoka wapi, na nifanyeje nisipigwe? – Kifungua Mimba, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe baba hongera zangu, miaka 34 bandarini si mchezo.

Hiyo asilimia tano uliyopewa kwenye simu naijua vizuri, nimeigawa sana. Mteja akiuliza "bei ya mwisho ngapi" kabla hajaivaa saa mkononi, tulijua hajachagua, hajalinganisha, na huenda ni mara yake ya kwanza. Unashusha pumzi, unabonyeza kikokotoo, unamgeuzia akione. Anatoka anachekelea. Bei ya mwisho yenyewe bado imelala droo ya chini.

Swali lililokuwa likitubana ni hili: "Katika hizi, ipi imekaa sana dukani?"

Kila saa ina tarehe yake ya kuingia, na meneja anaiona kwenye kompyuta. Ikiwa na miezi miwili inakirimiwa, inawekwa mbele penye mwanga. Ikipita mwaka anaitazama kama yule mgeni wa siku ya nne anayetafutiwa jembe, maana fedha ya duka imefungwa humo na kiwanda hakiipokei tena kirahisi. Pale kwetu uso mweusi na uso wa buluu ulijiuza wenyewe. Uliokuwa ukikaa ni uso mweupe wenye namba za Kirumi na akrabu nyembamba, vijana waliuona wa kizee. Sasa niambie, mstaafu wa bandari atataka upi?

Ngoja nikupe kisa. Alikuja mama mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, safari zake za Dubai hazihesabiki. Siku ya kwanza akajaribu mkononi saa tatu tofauti, akauliza ile yenye namba za Kirumi ina muda gani pale. Nikajiumauma, nikasema haina muda mrefu. Akatoa risiti ya vitenge kwenye pochi, akaandika nyuma yake namba ya modeli, akaaga. Wiki ileile akapita tena, akachungulia tu kabatini, akatoka. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 29, saa tatu na nusu usiku, tumeshaanza kufunika kaunta kwa vitambaa. Akasema, "Bado ipo?" Akaweka noti juu ya kioo, akaziacha hapo, hakusema neno jingine. Mwezi ule nilibakiza kuuza saa moja tu nifikie lengo langu la mauzo, na lengo likifikiwa kamisheni yangu inapanda kwa mwezi mzima. Yeye hilo hakulijua, lakini alijua tarehe. Nilikwenda kwa meneja mara mbili. Yule mama alitoka na punguzo la asilimia 22 na mkanda wa ngozi wa ziada, na bado akanidai soda.

Kwa hiyo panga siku zako. Ukifika katikati ya Desemba, siku ya kwanza nenda ukavae, uulize, uandike. Usilipe. Rudi siku zinazokaribia kuondoka, jioni, ukiwa na fedha mkononi na jina la saa moja tu mdomoni. Ukiweza kukaa mpaka tarehe za mwisho za mwezi, ndiyo bora zaidi, kwa sababu ni mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka kwa pamoja. Na usiahirishe mpaka Januari, kwani huo ndio mwezi ambao kampuni nyingi za saa hupandisha bei.

Chagua pia duka la kubembelezana nalo. Duka lenye jina la saa moja tu mlangoni, ambalo ni la kampuni yenyewe, kwa kawaida halishuki, utajichosha bure. Nafasi ipo kwa wakala rasmi anayeuza majina mengi chini ya paa moja. Huyo ana lengo la kufikia, na ana mabaki.

Sasa tuje kwenye ile 7,600. Si lazima iwe feki, na mimi sipendi wanaowatisha watu kwamba kila cha bei ndogo ni feki. Mara nyingi ni saa halisi iliyotoka kwa wakala wa nchi nyingine aliyelemewa na mabaki, akayamwaga kwa bei ya jumla, yakafika Deira kwa mlango wa pembeni. Unachokikosa ni karatasi. Kadi ya waranti ya kiwanda inatakiwa iwe na tarehe ya siku uliyonunua, jina la wakala, na namba ileile iliyochongwa kwenye saa. Kwenye maduka haya utapewa kadi isiyojazwa, au iliyojazwa miezi kumi iliyopita katika nchi usiyoijua, au "waranti ya duka", yaani ahadi ya mtu ambaye mwakani huenda anauza simu.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Mwaka 2003 nilikuwa na miezi mitatu tu Dubai, bado nabeba maboksi, nikamnunulia kaka yangu saa kwenye duka la namna hiyo. Niliokoa dirhamu 400 nikajiona mjanja. Mwezi wa nane kile kifungo cha pembeni cha kutilia ufunguo kikang'oka, maji yakaingia, uso ukaota madoa kama embe lililopitiliza. Kwenye kituo cha matengenezo kijana akaigeuza kadi yangu mara mbili, nyeupe mbele na nyuma, akanirudishia kwa heshima zote. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya mara mbili ya nilichookoa. Kaka mpaka leo akiniona ananiuliza saa ngapi.

Kama ungenunua yako, ya kuvaa na kubahatisha, ningekuambia jipime mwenyewe. Lakini zawadi ya watoto wanne kwa baba? Hapana. Nunua yenye kadi iliyojazwa mbele ya macho yako, uisome namba wewe mwenyewe, ulinganishe.

Na tofauti si kubwa kama unavyoiona. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya asilimia 5 mwaka 2018, na tangu Novemba mwaka huohuo mgeni asiye mkaazi anaweza kurudishiwa sehemu yake. Ile 10,500 kwa kawaida ina VAT ndani. Tuseme umefanikiwa kushusha asilimia 15: unalipa 8,925. Humo VAT ni 425. Unarudishiwa sehemu kubwa yake, kasoro ada ndogo, tuseme kama 356. Saa imekusimamia dirhamu 8,569 hivi, karibu dola 2,333, kwa kuwa dirhamu imefungwa na dola kwa 3.6725 tangu 1997. Swali lako sasa ni kama kadi halali ina thamani ya hizo dirhamu mia tisa na kitu zinazozidi ile 7,600. Kwangu mimi inayo.

Ili urudishiwe, duka liwe limejiunga na mpango huo, nalo likusajili kwa pasipoti papo hapo unapolipa, siyo kesho. Uwanjani pita kwenye meza ya kurudishia kodi kabla hujakabidhi mabegi. Wanaweza kukutaka uionyeshe saa, kwa hiyo ibebe mkononi ndani ya boksi lake. Nimeona watu wakilia na begi limeshapita kwenye mkanda.

Meneja akigoma kabisa kwenye bei, hamia kwenye vitu. Mkanda wa ngozi wa ziada, wenye nembo, kwake una gharama ndogo na kwako ni fedha nyingi. Kupunguza pingili za mkanda wa chuma iwe bure. Mpime baba mkono kwa uzi kabla hujaondoka, mwambie ni wa shati. Uliza pia kama kadi ya benki ina nyongeza. Vijiduka vya Deira huweka asilimia mbili tatu kimyakimya.

Kama utapitia Dubai Duty Free uwanjani, jua kwamba kila tarehe 20 Desemba wanasherehekea siku waliyofungua, mwaka 1983, kwa punguzo la asilimia 25. Si kila kitu kimo, na siku hiyo foleni zake ni kama za kivuko cha Likoni mchana wa sikukuu. Lakini ukiwa safarini siku hiyo, tupia jicho kabla ya kumalizana na wa mjini.

La mwisho ni kule nyumbani. Kenya ina VAT ya asilimia 16 juu ya ushuru wa forodha, na afisa anaona boksi la saa kabla hajakuona wewe. Uliza kabla ya safari msamaha wa msafiri umefikia kiasi gani, maana hubadilishwa, kisha uweke hesabu hiyo pamoja na nyingine. Na kabla ya yote piga simu kwa wakala wa Nairobi. Nimewahi kumpigia hesabu mteja wa Mombasa tukakuta safari nzima imemwokolea nauli ya tuktuk.

SWALI: Mzee, kuna ukurasa wa Instagram unauza Rolex mpya, "punguzo la kufunga mwaka", shilingi 1,800,000 za Tanzania. Wanasema wanatoa moja kwa moja kiwandani. Nitume nusu? – Kijana wa Dodoma

JIBU: Usitume hata ya vocha. Rolex mpya haiuzwi rasmi mtandaoni, inauzwa dukani kwa wauzaji walioidhinishwa. Punguzo la kufunga mwaka pia hawana, kwa sababu shida yao ni ya upande wa pili: zile za chuma zinazotafutwa watu huandikisha majina na kusubiri, na huko mitaani mpya yake inauzwa juu ya bei ya dukani. Anayekupunguzia kitu ambacho wengine wanakipigania anakuuzia kitu kingine. Fedha hiyo inakaribia bei ya Tissot halali ya otomatiki, ile inayoendelea kutembea kwa muda wa saa 80 baada ya kuivua. Vaa hiyo, hakuna atakayekucheka isipokuwa wenye Rolex za Instagram.

SWALI: Nilinunua saa mpya miaka minne iliyopita, nikapata bei nzuri sana. Fundi wa duka akatoa pingili tatu ili inikae. Sasa nimenenepa, inanibana, na pingili sizioni. – Bwana Harusi wa Zamani, Zanzibar

JIBU: Angalia chini ya kile kimto ndani ya boksi, wengi huzificha humo. Kama hazipo, zilibaki dukani. Piga simu, taja namba ya saa, wapo wanaoziweka kwenye bahasha zenye majina. Wakikosa, utaagizwa ununue moja moja kwa wakala, na hapo ndipo utakapoilipa ile bei nzuri sana.