Kwa nini "Mataifa Matano" lakini "Mataifa Sita"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika makala kuhusu msimu wa 2000 wa mashindano ya raga ya Ulaya, ambao Italia ilijiunga na Uingereza, Uskoti, Wales, Ayalandi na Ufaransa. Nimeandika: "Mataifa Matano yakawa Mataifa Sita." Mwenzangu anadai kwamba sentensi hiyo haina ulinganifu, kwamba nichague ama "Tano" na "Sita", ama "Matano" na "Masita". Tena anataka niseme "Mataifa Sita ilianza Februari". Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Marahaba. Sentensi yako ni sahihi kama ilivyo, na mwenzako amejaribu kunyoosha kitu ambacho lugha yenyewe haikukinyoosha. Namba -moja, -wili, -tatu, -nne, -tano na -nane ni za asili ya Kibantu, nazo huvaa kiambishi cha ngeli ya nomino inayohesabiwa: mtu mmoja, watu wawili, miti mitatu, mataifa manne. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, zikaingia katika hesabu yetu bila kuvishwa chochote, na hadi leo hazibadiliki hata ukihesabu watu, miti au mataifa. (Kumi ni ya Kibantu lakini nayo haivai kiambishi, kwa kuwa yenyewe ina tabia za nomino, ndiyo maana tunasema "makumi".) Kwa hiyo "Masita" haipo, na ninashuku kwamba sikio la Mswahili lingesikia humo kitenzi "kusita" kabla ya kusikia hesabu.

Mashindano yenyewe ni mfano mzuri wa kanuni hii. Tangu 1883 yalikuwa ya mataifa manne, yaani Uingereza, Uskoti, Wales na Ayalandi. Ufaransa ilipoingia 1910 yakawa ya mataifa matano. Ilipofika 2000, Italia ikalivusha jina lile mpaka uliopo kati ya tano na sita, na kiambishi kikabaki ng'ambo. Siku moja wakiongeza taifa la saba, utaandika "Mataifa Saba" bila kugusa kitu. Wakiongeza la nane, itakubidi ukirudishe kiambishi, "Mataifa Manane".

Labda mwenzako amechanganywa na namba za mpangilio. Tunasema Italia ilikuwa "taifa la sita" na Ufaransa "taifa la tano", si "taifa la matano", kwa sababu hapo upatanisho umebebwa na "la", na namba haina kazi ya kuurudia.

Kwa kuwa unaandika kuhusu msimu huo, jaribu kanuni hii kwenye mechi ya kwanza ya Italia, iliyochezwa Roma tarehe 5 Februari 2000. Italia iliifunga Uskoti, bingwa mtetezi, kwa 34 dhidi ya 20, na Diego Domínguez peke yake akafunga pointi 29. Ukieleza alivyozipata, utasema alipiga mikwaju sita ya penalti, mikwaju mitatu ya kuudondosha mpira na kuupiga unapodunda, na mkwaju mmoja wa nyongeza baada ya trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani). Nomino ni ileile, "mikwaju", katika sentensi ileile, lakini "sita" imebaki kama ilivyo na "tatu" imekuwa "mitatu". Kama ungetumia "penalti", "penalti sita" na "penalti tatu", tofauti hiyo isingeonekana, maana katika ngeli hiyo "tatu" haionyeshi kiambishi.

Tarakimu nazo huficha makosa. Msimu huo ulikuwa na mechi 15, na kila timu ilikuwa na wachezaji 15 uwanjani. Kwenye ukurasa hakuna atakayelalamika, lakini msomaji wa habari redioni atalazimika kutamka "mechi kumi na tano" na "wachezaji kumi na watano", na ukiandika "michezo 15" atatamka "michezo kumi na mitano". Wengi hujikwaa hapa, na nadhani raga yetu wenyewe imechangia: tumezoea "wachezaji saba kila upande" wa timu ya Kenya, Shujaa, ambako saba haidai kitu, kisha tukihamia kwenye raga ile nyingine tunasema "wachezaji kumi na tano". Si sahihi, hata kama unalisikia kila wiki.

Kuhusu "ilianza", mwenzako hajakosea kabisa. "Mataifa Sita" ni jina lililokatwa kichwa. Anayewaza "michuano ya Mataifa Sita" atasema "ilianza", na anayewaza "mashindano" atasema "yalianza". Mimi napendelea "yalianza", kwa kuwa inapatana na mashindano na pia na mataifa. Hata hivyo, ukiandika kwamba "Mataifa Sita yalimalizika Edinburgh tarehe 2 Aprili", msomaji asiyefuatilia raga anaweza kudhani ni mataifa yenyewe yaliyomalizika. Rudisha kichwa: "Mashindano ya Mataifa Sita yalimalizika."

Nikuongezee jambo ambalo hukuuliza. Katika mechi hiyo ya Edinburgh, Uskoti iliishinda Uingereza 19 kwa 13, ikaizuia kushinda mechi zake zote ingawa ubingwa ilikuwa imeshauchukua. Katika Kiswahili cha kila siku, "Uingereza" hutajwa kwa maana ya dola nzima, Uskoti na Wales zikiwamo, na msomaji atashangaa nchi imefungwaje na kipande chake. Eleza mara moja, mwanzoni mwa makala, kwamba unamaanisha England peke yake, kisha uendelee kutumia "Uingereza" bila wasiwasi.