Muulize Anko Rubani: Hizi mistari za begani ni za nani?

SWALI: Shikamoo Anko. Nimepata leseni ya urubani binafsi mwaka huu hapa uwanja wa ndege wa Wilson, nina masaa 58 tu kwenye logibuku. Shuleni tulikuwa tunavaa shati jeupe, tai nyeusi na epoleti begani (vile vitambaa vyenye mistari ya cheo), mamangu akanipiga picha akaitupa kwa grupu ya familia na tangu siku hiyo naitwa kapteni hata na shangazi wa Kitale. Sasa juzi nimembeba binamu yangu kwa ndege ndogo ya Cessna 172 tukazunguka mpaka Magadi tukarudi, nikiwa na shati langu na mistari mitatu. Kufika klabu nikakuta wazee wawili wamevaa kaptula na malapa, wakanicheka kweli kweli, mmoja akauliza eti naelekea London saa ngapi. Anko nimekosea wapi? Si nimefuzu?
– Kapteni wa Grupu ya Familia, Nairobi

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera, hizo masaa 58 wengi wanaziota tu. Kufuzu umefuzu, hiyo hakuna atakayekunyang'anya, lakini wazee hawakucheka leseni yako, walicheka mistari. Unajua zilitoka wapi? Zamani rubani alikuwa anavaa koti la ngozi na skafu kwa sababu ndege ilikuwa wazi juu na baridi inamkata, basi. Halafu miaka ya 1930 Pan Am ya Marekani ikaanza kuvusha matajiri baharini kwa zile ndege zinazotua majini, na abiria walikuwa wanaogopa, so kampuni ikawavalisha marubani kama maofisa wa meli, koti jeusi na mistari ya dhahabu mkononi, mkubwa akaitwa kapteni, ili abiria aone ni kama amepanda meli tu. Kampuni zingine zikaiga. Kwa hiyo mistari ni cheo cha kazini, minne ya kapteni, mitatu ya msaidizi wake, na anayekupa ni mwajiri. Wewe ile mitatu unamsaidia nani, na kiti cha pili amekaa binamu anakula njugu?

(Na sisi watu wa Pwani tunajua nahodha wa jahazi anashika usukani na kikoi na fulana iliyotoboka, hakuna abiria anayemuuliza cheo.)

Kuna jambo moja zito zaidi ya kuchekwa. Leseni yako haikuruhusu kulipwa kwa kubeba watu. Sasa ukitembea na shati la mabega, jirani ya binamu atakuuliza tu nauli ya Diani ni ngapi, na ataamini kabisa umeajiriwa kubeba abiria, kumbe wewe ni mtu wa wikendi. Mtu anayepanda na wewe anafaa ajue ukweli huo kabla hajafunga mkanda, na shati lako linamwambia vingine.

Lakini usiwape wazee ushindi wote. Malapa kwenye pedali za ndege ni upuuzi, yanachomoka, yanaingia chini ya pedali wakati ndio unataka kunyoosha pua ya ndege, kwa hiyo wao wamekucheka wewe na mimi nawacheka wao. Pia shati hilo lisitupwe. Ukianza kuvuka mipaka utaona kazi yake. Mimi kuna uwanja mmoja niliutua nimevaa tishati, siutaji, nikatoka nje kulipa ada, kurudi askari wa geti ananiuliza tiketi iko wapi, namwambia ndege ni yangu ile nyeupe pale, anacheka, nikasimama juani karibu saa nzima mpaka mtu wa mafuta akaja kunitambua. Safari iliyofuata nikavaa shati jeupe na mistari, askari yule yule akanipigia saluti hata kitambulisho hakuangalia, jambo ambalo kusema kweli lilinitisha kuliko lile la kwanza. Marubani wanaoteremsha ndege ndogo kutoka Ulaya mpaka kusini mwa Afrika wengi wanabeba shati hilo kwenye begi kwa sababu hiyo hiyo, wakati kule Marekani mwenye ndege yake anaenda zake na jinzi na kofia na hakuna anayejali. Kwa hiyo Magadi na binamu, vaa shati la kawaida na viatu vya kufunga. Ya shangazi wa Kitale achana nayo, huyo mwache akuite kapteni.

SWALI: Anko, mume wangu ameanza kujifunza kuruka na amenunua jaketi la bomba (bomber jacket), la kijani, ndani rangi ya chungwa, anasema ndio la marubani. Analala nalo karibu. Ni kweli au ameuziwa hadithi?
– Mama Twins, Ongata Rongai

JIBU: Dada, ni kweli, lile lilishonwa kwa marubani wa jeshi la Marekani miaka ya 1950, ngozi ilikuwa ikilowa inaganda huko juu na ni nene kwa kiti kidogo cha jeti, ndio wakahamia nailoni. Rangi ya chungwa ni ya kugeuza jaketi nje ukianguka porini, waokoaji wakuone. Na Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, asubuhi ya Julai atalihitaji. Shida ni hiyo nailoni, ikishika moto inayeyuka na kugandana na ngozi ya mtu. Mwambie ndani avae pamba, suruali pia pamba, na kwenye egesho la ndege avae riflekta juu yake hata kama inaharibu swaga.

SWALI: Miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, inafaa kurukia?
– Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana, inaweza kufanya skrini za ndege zionekane nyeusi. Vaa yako, shika simu, igeuze polepole kulia na kushoto, ikizima machoni pako basi hiyo miwani ni ya kwendea bichi.